Mtu wa Kumwachia Babu

Mtu wa kwanza kuitikia tangazo alikuja na mashine ya kupimia presha.

Alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa heshima zake, viatu vyeupe na mkoba mkubwa. Aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwa na mto pale sebuleni, akauliza mgonjwa yuko wapi. Mama mwenye nyumba akamwonyesha mbwa mweusi mwenye mdomo uliojaa mvi, amelala katikati ya zulia, anakoroma.

"Tangazo lilisema Babu," muuguzi alisema.

"Ndiye huyo."

"Lilisema Babu ni mtulivu, macho yamepungua nguvu, magoti mabovu, hajisaidii ndani."

"Na yote ni kweli. Hajisaidii ndani hata siku moja."

"Mama, mimi nimeuguza watu miaka thelathini."

"Basi huyu atakushinda nini?"

Muuguzi alifunga mkoba wake taratibu, akatoka bila kuaga. Nyuma ya kochi lililopinduliwa miguu juu, Fundi alicheka kwa pua. Hakuwa na namna nyingine ya kucheka. Midomoni alikuwa ameng'ata misumari minane midogo, na fundi makochi akicheka kwa mdomo siku ya kazi, ataimeza.

Siku tatu sasa alikuwa sebuleni kwa mama huyu, anabadilisha sponji na kitambaa cha seti nzima, na siku tatu usaili ulipita juu ya kichwa chake. Wa pili kuja alisema anapenda sana wanyama, Babu akapiga mwayo, jamaa akapanda juu ya meza. Wa tatu aliuliza kama anaruhusiwa kuleta rafiki zake waangalie mpira. Wa nne alitaka kujua mbwa anapewa nyama kiasi gani kwa siku, na akaiuliza kwa macho ya mtu ambaye ameshaanza kukata vitunguu.

"Keshokutwa tunasafiri," mama alisema, akijipepea na bahasha. "Wiki mbili ziwani, mapumziko ya kwanza tangu nimzike mume, na yote yatakwama kwa ajili ya mbwa. Nchi nzima hakuna mtu mwaminifu?"

Mlango ukafunguliwa. Binti yake aliingia kutoka kazini, koti jeupe la famasia amelitundika mkononi. Hakumsalimu Fundi. Aliyainua macho mara moja tu, akayateremsha, na mara hiyo moja ilimtosha Fundi kwa chakula cha mchana na cha jioni.

Fundi alimwita Dawa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wanapendana. Mwaka wa kwanza alikuja rasmi, yeye na mjomba wake, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata. Mama aliwapa chai, akawasikiliza hadi mwisho, halafu akawaambia kwa upole kwamba binti yake hakusoma miaka mitano kupima dawa kwa miligramu ili aolewe na mtu anayepima kwa shubiri. Mjomba hakumalizia chai yake. Tangu siku hiyo mapenzi yao yaliishi kwenye mlango wa nyuma wa famasia, dakika kumi kila mchana. Dawa akirudi nyumbani na vinyuzi vya pamba kwenye koti, mama huvinyofoa kwa vidole viwili na kusema, "Manyoya tena."

Kumpa Fundi kazi ya makochi mama hakuona tabu. Mikono yake aliitaka. Mwenyewe ndiye asiyemtaka.

"Tumekosa mtu," mama alimwambia binti yake. "Labda tumwache na jirani."

"Jirani alimmwagia maji ya moto, mama."

"Basi tumpeleke kwa dada yako."

"Shemeji akimwona mbwa anapiga chafya mpaka anavimba. Unamjua. Alisema siku mkimleta Babu, yeye anahama."

Bahasha ikaacha kupepea. Kisha akageuka, akalitazama kochi lililopinduliwa, akamtazama na aliyekuwa nyuma yake.

"Fundi."

Fundi aliitema misumari kiganjani. "Naam, mama."

"Wewe na Babu mnapatana?"

"Tunapatana, mama. Ananijua."

"Kazi ya makochi itachukua siku ngapi tena?"

"Kama kumi hivi. Springi za lile kubwa zimekufa."

"Basi kaa hapa hapa. Ulale chumba cha wageni, umalize kochi, umwangalie Babu. Watu nimewaona wiki hii, na nikuambie ukweli, mwaminifu kama wewe sijamwona."

Alivikwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa ili kimkae vizuri. Mama aliyemfukuza na mjomba wake anampa funguo za nyumba! Alimtazama Dawa wagawane furaha. Dawa alikuwa amepiga magoti, anamkuna Babu nyuma ya masikio, uso ameuficha.

Siku ya safari, mama alipokuwa anahesabu masanduku barazani, walipata dakika tano jikoni.

"Anakula mara mbili," Dawa alisema. "Asubuhi mlainishie chakula kwa maji ya uvugovugu, meno yamekwisha. Kidonge cha magoti kifiche kwenye kipande cha mkate, akikiona atakitema. Akisikia ngurumo anatetemeka. Umwekee redio."

"Redio gani?"

"Yoyote. Anapenda taarifa ya habari."

"Nimeelewa. Na wewe nikufichie nini kwenye mkate?"

Dawa alitabasamu, halafu tabasamu likakatika. Alichuchumaa, akamkumbatia mbwa, akalaza shavu kwenye shingo yake.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe sana. Sikuwa na njia nyingine."

Mabega yake yalitikisika. Fundi aliinama, akaweka kiganja mgongoni pake, akamnong'oneza, "Wiki mbili tu, Dawa. Hata hatajua kwamba umeondoka." Dawa akalia zaidi. Alipoinuka aliupapasa uso wa Fundi kwa vidole, paji, pua, kidevu, na Fundi kwa ujinga wake alidhani anatolewa vumbi la sponji.

"Mama yako ameanza kunikubali," alimwambia. "Umeona? Amenipa funguo."

"Nimeona."

"Ukirudi nakuja tena na mjomba."

Mama aliita kutoka barazani. Dawa akaenda bila kujibu. Aliyependa hujijibia mwenyewe, na Fundi alijijibia vizuri sana.

Zile siku za mwanzo zilikuwa tamu kwake kuliko nyingi alizowahi kuishi. Aliamka katika nyumba ya Dawa, akaosha uso kwenye sinki la Dawa, akamwona Dawa wa miaka saba ukutani, hana meno ya mbele. Asubuhi alilainisha chakula, akaficha kidonge, akamtembeza Babu kuzunguka ua mara tatu, wote wawili wakichechemea, mmoja kwa uzee na mwingine kwa kumsubiri mwenzake. Mchana aligonga, akavuta, akashona kwa sindano ya kupinda. Ukipenda boga, penda na ua lake, na Fundi alimpenda yule mbwa mpaka akaanza kumsimulia mambo ya harusi.

Dawa alipiga simu mara mbili. Mara zote mbili alizungumza kwa haraka, sauti chini.

"Babu hajambo?"

"Hajambo. Na wewe?"

"Nipo. Mtandao wa huku mbaya."

"Ziwa zuri?"

"Zuri."

"Umenikumbuka?"

"Fundi, mama anakuja. Tutaongea."

Siku ya tisa, saa nane mchana, simu ya Fundi ililia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mwenyewe. Hakuwahi kumtumia hata salamu. Namba yake mama aliihifadhi kwa jina "M. Babu", yaani Mtunza Babu, na chini yake tu palikuwa na "M. Mdogo", Mama Mdogo wa watoto, ndugu yake wa tumbo moja. Kidole cha mama kilikuwa kinene, miwani ilikuwa mkobani. Hayo Fundi hakuyajua. Alikaa chini, mgongo kwenye kochi, akasikiliza.

"Mdogo wangu, ondoa hofu. Yuko nyumbani, ametulia tuli. Anakula, anazunguka ua, anajilaza kwenye makochi yangu utadhani yake. Hajui lolote. Maskini, anakodolea mlango, anafikiri binti akirudi mambo yatakuwa yale yale. Mkwe ameshasema, huyo hataki kumwona hata kivuli. Na ana haki yake. Tukirudi tu, aondoke siku hiyo hiyo, bila kelele. Binti atalia siku mbili, ya tatu ameshamsahau. Kwani miaka yote hii amemfaidia nini, zaidi ya kumjaza manyoya kwenye nguo? Kwa sasa tumwache tu, anatulindia nyumba, na sisi tunafanya yetu kwa nafasi."

Fundi aliusikiliza mara mbili. Kisha alimtazama Babu, aliyekuwa amelala kwa mlango kweli, pua kwenye ufa wa chini, anavuta hewa ya nje.

"Wanataka kukutupa, mzee," alimwambia.

Alikasirika. Huyo mkwe, mume wa dada mtu, na chafya zake! Ina maana sasa wanahamia huku? Na mbwa wa watu, miaka kumi na miwili anaulinda mlango huu, leo aondoke bila kelele kwa sababu ya pua ya mtu mmoja. Alilia kidogo, kwa ajili ya Babu na kwa ajili ya Dawa, ambaye alikuwa na hakika hajaambiwa kitu. Halafu akajifuta, akaandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia, kwa sababu alikuwa anamwandikia mama mkwe wake mtarajiwa.

"Shikamoo mama. Ujumbe umeniingilia kwa bahati mbaya na nimeusikia wote. Sina ugomvi, huo ni uamuzi wenu. Ila naomba kwa heshima zote nipeni mimi. Nitamtunza mpaka mwisho wa maisha yake. Mwenyewe ananipenda, na wewe unajua."

Jibu lilichukua saa nne. Fundi hakupiga msumari hata mmoja kwa saa zote nne.

"Umechelewa mwanangu. Ameshapata wa kumchukua, na yuko pazuri. Nashukuru umelipokea kiume. Tukirudi tutaongea kama watu wazima."

Aliusoma akisogeza midomo. Kuna neno moja lilimzuia kuhuzunika sawasawa. Mwanangu. Kumbe mtu akijishusha, hata jiwe linalainika. Amemkosa Babu, lakini amepata mama. Na la Babu nalo halijaisha, alijiambia, kwa sababu Dawa hatakubali. Alichukua sponji nzuri iliyobaki, ile ya inchi nne, akaikata, akaivika kitambaa cha kijani, akashona godoro la mbwa la kuweka karakanani kwake. Kushona kwake hakukuwahi kunyooka vile.

Walirudi Jumamosi asubuhi. Makochi yalikuwa yamekwisha, yamejipanga sebuleni kama wageni waliovaa. Ua ulikuwa umefagiwa. Babu alikuwa ameogeshwa. Fundi alisimama katikati ya chumba, shati la pasi, mkononi kamba ya mbwa, na kando yake godoro la kijani limefungwa vizuri.

Dawa aliingia peke yake. Nje ilisikika sauti ya mama akielekeza masanduku. Babu alinusa, akanguruma kidogo, akamtambua, akaanza kujikunja mwili mzima kwa furaha. Dawa hakuchuchumaa. Alibaki mlangoni, mikono ameiweka nyuma.

"Mama aliniambia umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Yote?"

"Yote. Mama yako akisema husikii nusu."

"Na bado umekaa. Umefagia mpaka ua."

"Ningekwenda wapi? Nilisema wiki mbili."

Machozi yalimjaa Dawa. "Unanichukia?"

"Nikuchukie kwa lipi? Najua hukupanga wewe. Amepanga mama yako na huyo mkwe wake."

"Usimsingizie mama, Fundi. Niliulizwa mimi. Mbele ya watu. Nikasema ndiyo, kwa mdomo wangu."

Hilo lilimchoma. Alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Ulisema ndiyo?"

"Nilisema."

"Hukulia?"

"Nililia kabla. Ulipofika wakati wenyewe sikulia. Nilichoka. Miaka mitatu kila siku nagombana na mama, kila siku nanyofolewa nguo kama mtoto. Nilitaka siku moja tu niamke nisiwe na mtu wa kumtetea."

"Sikulaumu," Fundi alisema, na kweli hakumlaumu, alihisi huruma tu. "Mtu huchoka. Lakini mambo hayajaharibika. Nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Nimchukue. Nina nafasi. Nimeshamshonea godoro, angalia, inchi nne, halitamuumiza magoti. Utakuja kumwona mchana, ni hatua mia tatu kutoka famasia. Mwambie mama yako aliyepewa arudishe neno."

Dawa aliangalia godoro. Aliangalia kamba. Uso wake ukabadilika polepole.

"Fundi, unamzungumzia nani?"

"Namzungumzia Babu."

Nje sanduku lilianguka, mama akasema taratibu jamani. Kisha kicheko kilimtoka Dawa, kifupi, kikavu, bila yeye kukitaka, akakiziba kwa kiganja cha kushoto. Fundi, kwa kuwa alizoea kucheka Dawa akicheka, alicheka pia. Katikati ya kicheko chake aliiona pete.

Mlango ukasukumwa kwa bega. Aliingia mwanamume mrefu, masanduku mawili mikononi, jasho kwenye paji, meno yote thelathini na mawili nje. Ilikuwa haki yake, alikuwa daktari wa meno.

"Mke wangu, haya yaende chumba gani?"

Hakungoja jibu. Alimwona mbwa, akaweka masanduku chini, akapiga magoti kwenye zulia na suruali yake safi.

"Huyu ndiye Babu? Jamani. Njia nzima nimeimbiwa Babu. Njoo, mzee, njoo uninuse." Babu alimnusa, akamlamba kiganja. Mwanamume akacheka, akainua macho. "Na wewe ndiye mtunzaji. Asante sana, ndugu. Mke wangu anasema mtu mwaminifu kama wewe hajawahi kumwona."

"Wewe hupendi mbwa," Fundi alisema. Sauti ilikuwa yake lakini ilitokea mbali.

"Mimi? Nimefuga watatu. Nyumbani nimeshamtayarishia kibanda, leo leo anahamia kwetu."

"Mama alisema mkwe hataki kumwona hata kivuli."

Daktari alikunja uso, akafikiri, kisha akaelewa, akaangua kicheko cha mtu mwema.

"Ah, hiyo! Hiyo si ya mbwa. Kuna jamaa mmoja alikuwa anamganda mke wangu miaka na miaka, haambiliki, hasikii. Nilimwambia mama, huyo nisije nikamkuta mlangoni, basi. Kumbe amekusimulia na wewe? Mama huyu hana siri."

Ukumbi wa kichwa cha Fundi ukajaa sauti ya mama. Yuko nyumbani, ametulia tuli. Anakula. Anajilaza kwenye makochi. Hajui lolote. Kila neno lilirudi likapita mbele yake, na safari hii halikumwendea mbwa. Anakodolea mlango. Tumwache tu, na sisi tunafanya yetu kwa nafasi. Alikumbuka alivyolia kwa ajili ya Babu sakafuni pale pale, na aibu ya machozi hayo ilimuuma kuliko kitu kingine.

Alimtazama Dawa. Angeweza kusema. Neno moja, mimi ndiye jamaa huyo, na meno thelathini na mawili yangefungwa yote, na ndoa ya siku tano ingeanza kunuka. Dawa alijua. Alimtazama kwa macho yale yale ya mlango wa nyuma wa famasia, yale ambayo Fundi hakuwahi kuyakatalia kitu, na yalikuwa yanamwomba anyamaze.

"Kumbe," Fundi alisema. "Nilielewa vibaya."

"Kiswahili chetu hicho," daktari alisema kwa furaha. "Yeye ni mtu, yeye ni mbwa."

"Kwa hiyo Babu haondoki?" Fundi alimuuliza Dawa.

"Hapana," Dawa alisema. Ilibidi aseme, mume alikuwa anamsikiliza. "Babu hakuna aliyewahi kusema aondoke. Babu tunaye."

"Vizuri. Kidonge cha leo bado. Nimekikata nusu, kiko kwenye mkate, juu ya friji."

Alimkabidhi daktari kamba. Daktari alimpa mkono, akamshukuru tena, akaligonga kochi kubwa kwa kiganja na kuuliza nani kalitengeneza, kazi safi namna hii. Dawa alisema, "Fundi mmoja tu." Fundi akachukua mfuko wake wa nyundo. Babu alimfuata hadi mlangoni, akasimama, akageuza kichwa kwa Dawa, akageuza kwake, halafu akarudi kulala miguuni kwa bibi yake. Mbwa hana lawama.

Mama alikuwa uani, kivulini, amekalia sanduku la mwisho. Alimwona akitoka, hakuinuka.

"Umekula lakini, Fundi?"

"Nimekula, mama."

"Kaa basi tuongee kama nilivyoahidi."

"Naharakisha."

"Hutaki kukaa, simama. Mimi sikuchukii, ujue. Nilimjua binti yangu. Angekuona mlangoni siku ya ndoa, angeshuka garini akufuate. Ndiyo maana nilitaka uwe mahali ninapopajua." Alisema hayo bila haya na bila ubaya, kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga dirisha. "Humo ndani umesema kitu?"

"Sikusema."

"Nilijua. Wewe si mtu wa maneno. Kijana wa watu hajui kama ni wewe, na hana haja ya kujua. Godoro lako la kijani umelisahau."

"La Babu hilo."

"Mungu akubariki." Mama alijipepea na kiganja, akatazama dirisha la sebule, akateremsha sauti. "Sasa lipo jambo. Mwezi ujao wanakwenda fungate. Wiki tatu. Mimi magoti yangu na ya Babu hali moja, siwezi kumtembeza. Binti ameniambia njiani nikuulize. Anasema mtu mwingine hamwamini."

"Yeye ndiye aliyesema?"

"Yeye mwenyewe. Kule kwao kuna chumba cha nyuma, kizuri, kina kitanda. Wao hawatakuwepo, hutaonana na mtu."

Fundi alihamisha mfuko kutoka bega moja kwenda jingine. Ndani daktari alisema kitu na Dawa akacheka, kicheko kirefu safari hii, na Fundi akagundua kwamba amekisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tayari kinywani, neno fupi, halihitaji fundi. Alifungua mdomo alitoe.

"Wanasafiri tarehe ngapi, mama?" aliuliza.